Mita ya Volti Niliyoipeleka Bofu

Safari hii niliifanya kwa ajili ya Shee, mume wa dada yangu Zuhura, mkaazi wa Bofu, Likoni. Kila alfajiri Shee huvuka feri kwa pikipiki kwenda kuchukua mikate kisiwani. Ndani ya feri lazima uzime injini, na lango likishuka lazima uiwashe upesi. Yake ilikuwa inagoma. Kiki ya kuwashia kwa mguu ilivunjika zamani, stata ikibonyezwa inalia "tik" tu, na mara tatu amesukumwa na watu hadi juu ya mlima wa kutokea kivukoni huku magari yakimpigia honi. Mwenye mikate alimwambia wazi: ukichelewa tena Jumapili, kazi nampa mwingine. Ijumaa jioni Zuhura akanipigia simu.

Hakukosea mtu. Nina diploma ya umeme niliyoisomea jioni baada ya kazi, bila mjomba wala mfadhili. Miaka tisa nilikuwa Uarabuni, kambi ya jangwani, nikitunza majenereta makubwa kuliko vyumba vya watu. Nyumba yangu ya Changamwe nimeijenga mwenyewe, na nyaya zake nimezipitisha mwenyewe.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilitoka Changamwe kwa bodaboda, pikipiki yangu nimeiacha nyumbani, mkobani mna mita ndogo ya volti, fyuzi, tepu na koleo langu la Uarabuni. Malori ya bandari ya Kipevu yalikuwa yamepanga foleni, tukapita kandokando. Feri nilivuka kwa miguu.

Saa tano nilifika Bofu. Shee alikuwa uani na pikipiki yake. Kizingitini pa nyumba ya pili alikaa Bi Mishi, mama wa makamo anayechajia majirani betri.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe fundi wa Uarabuni?"

"Ndiye mimi."

"Haya, twakutazama."

Kazi yenyewe haikunichukua saa nzima. Mita niliifunga juu ya usukani. Waya mwekundu niliuunga na ule unaopata umeme ufunguo ukifunguliwa tu, mita isije ikanyonya betri pikipiki ikiwa imezimwa, na katikati nikatia fyuzi. Waya mweusi nikaukaza kwenye bolti ya usukani. Tepu niliizungusha ikalala kama ya kiwandani.

Shee akafungua ufunguo, taa ikawaka. Mita ikasoma 11.3. Akabonyeza stata: tik. Mita ikaanguka hadi 6.

"Betri imekufa," nikasema. "Twende dukani."

"Shemeji, hii ni ya tatu tangu Idi ya Mfungo Mosi. Zote zaja kufa kwangu?"

"Za siku hizi mbovu."

Bi Mishi akainuka. "Mwanangu, betri hiyo nimeijaza mimi jana. Hebu huo mweusi ugusishe kwenye betri yenyewe."

Niliugusisha ili anyamaze. Mita ikasoma 12.6. Shee akabonyeza stata. Tik, lakini mita haikushuka hata kidogo.

"Waona? Umeme betri inao, ila hautoki. Wewe wamuuliza usukani habari za betri."

Zuhura alicheka dirishani. "Kaka, na diploma yote hiyo!"

Nilishaelewa. Kati ya betri na fremu kuna waya mmoja mnene wa ethi, na stata hurudishia umeme wake hapo. Nikang'oa kiti. Bolti ya ule waya ilikuwa nyekundu kwa kutu, na juu yake unga mweupe wa chumvi.

"Pikipiki waiosha wapi?" Bi Mishi akamuuliza Shee.

"Mtongwe, kila Ijumaa. Maji ya bahari hayana foleni."

"Wallahi wewe ndiye uliyezizika hizo betri mbili za mwanzo, na hazikuwa zimekufa."

Kule jangwani bolti ya miaka kumi hung'aa. Sikuwahi kuona ethi iliyooza, basi sikuitafuta. Niliisugua kwa msasa, nikaikaza, nikaipaka grisi. Waya mweusi wa mita nikauhamishia kwenye betri, mahali ulipostahili kuwa tangu mwanzo. Stata ikashika mara moja. Injini ikinguruma, mita ikasoma 14.1.

Nililala kwao. Jumapili alfajiri nilirudi na Shee, nimekaa nyuma nimeshika makreti matupu. Ndani ya feri alizima injini. Lango lilipoanza kushuka, msukuma mkokoteni mmoja akapiga kelele: "Wewe wa mikate! Nije nikusukume, au leo umekuja na msukumaji wako?"

"Leo nimekuja na fundi!" Shee akajibu, kidole tayari juu ya stata. Akafungua ufunguo: 12.6. Akabonyeza. Injini ikawaka, tukapanda mlima mbele ya magari yote.

Niliyojifunza ni haya: mita husema kweli ya pale ulipoifunga tu. Na ukiishi pwani, anza na ethi.

Nilipofika Changamwe, hata chai sikunywa. Niling'oa kiti cha pikipiki yangu mwenyewe, ile niliyoifungia mita mwaka jana kwenye bolti ya usukani, nikachukua msasa.