Kinu cha Ng'ambo ya Wadi

Ting, ting, ting: mchi wa shaba ndani ya kinu cha shaba, kahawa ikitwangwa ng'ambo ya wadi. Kila alasiri Bi Ghalia akiusikia mlio huo hujitanda buibui, akavuka kokoto za wadi, lile bonde kavu la mto wa mvua, akaenda kukaa na Bi Wadha, mke wa Sheikh Marhun.

"Mama, nani kakualika?" binti yake, Fawziya, humwuliza. "Hapa si Malindi ya Unguja. Kinu kile cha wenyewe."

"Basi mbona wanakigonga mpaka huku?"

Walirudi Omani kutoka Unguja mwaka wa sabini na nne, wakaifufua nyumba ya marehemu baba yake Bi Ghalia, nje ya mji wa Ibra. Sasa Bi Ghalia alitaka uraia, na uraia ulitaka sheikh wa kijiji asimame mbele ya liwali aseme, huyu ni wetu. Hapo ndipo jambo lilipokwama. Mpaka wa wilaya mbili ulikuwa ule wadi, na mafuriko yalikuwa yameuhamisha wadi. Nyumba iliyokuwa ya Ibra ikajikuta upande wa pili. Sheikh wa upande huo akasema ukoo huu yeye haujui. Ofisi ya Ibra ikasema nyumba haimo kwao.

"Basi mimi wa kwenye kokoto," alisema Bi Ghalia, na usingizi ukamhama.

Mwisho Sheikh Marhun, sheikh wa upande wa Ibra, akaenda naye mwenyewe kwa liwali.

"Unamjuaje?" liwali akauliza.

"Baba yake simkumbuki, nilikuwa mtoto. Lakini kinu changu kikilia, huyu huja. Hatujamwalika hata siku moja. Mgeni husubiri kualikwa."

Baraza zima likacheka, na liwali naye. "Huyu wa Ibra," akasema. "Wadi na upite utakako."

Bi Ghalia alirudi nyumbani mwepesi kama aliyetua mtungi, ila uso ukimwaka kwa haya. Kumbe kweli hawakuwahi kumwalika.

Kesho yake kinu kilipolia, hakuondoka kwenye mkeka. Kikanyamaza. Kisha kikaanza tena, polepole, kwa muda mrefu.

"Kahawa hiyo imeshakuwa vumbi, mama," alisema Fawziya. "Wanamtwangia nani?"

Bi Ghalia akanyoosha mkono kwenye buibui lake.

"Labeka," akaitika, kwa sauti ndogo kabisa.