Njahi za Nyaguthii

Jina langu sitakutajia. Si kwa uoga. Kisa chenyewe ndicho kilichonifundisha kulitunza, na ukinisikiliza hadi mwisho hutanilaumu. Mengine yote nitakuambia: mahali, watu, hata rangi ya sakafu. Na kama wewe ni mtu wa kucheka mtu mzima anaposema ameongea na marehemu, cheka sasa umalize kabisa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Muheza, kwenye machungwa na joto. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Kanisa letu likatafuta vijana wa kujitolea miaka miwili katika misheni ya Wazungu huko Nyeri, nchi jirani, nami nikanyoosha mkono kabla sijauliza Nyeri iko wapi. Mama alinifungia khanga nne na chupa ya mafuta ya nazi. Siku ya pili tangu nifike, mafuta yaliganda chupani yakawa meupe kama samli, na nikalazimika kuyaweka karibu na jiko ndipo nipate ya kujipaka. Hapo nikajua nimejitolea nini.

Misheni ilikuwa upande wa Giakanja: kanisa la mawe, zahanati, na wodi ya wazazi yenye vitanda sita. Wenyeji walikuwa wakarimu mno. Kwa kuwa nilitoka upande wa bahari, kila wiki kulikuwa na mtu wa kuniuliza nawezaje kuishi bila samaki. Nikiwaambia Muheza hatuvui, walinihurumia zaidi na kuniongezea viazi.

Kazi yangu ilianza alfajiri kwa kuwasha jiko la maji moto. Kisha uji wa wagonjwa, kisha kupima uzito wa wajawazito, kisha kuandika rejista kwa mwandiko wangu mzuri, ambao nilijivunia kupita kiasi. Baada ya hapo nilipiga magoti kuipaka sakafu rangi nyekundu na kuing'arisha, hasa mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka na kila mgeni akaingia na matope yake. Aliyetuongoza ni Sista Greta, nesi mrefu kutoka Ulaya, mwenye moyo mwema na sheria nyingi. Sheria ya kwanza: kilichoandikwa kwenye rejista hakifutwi. Na alikuwepo Muthoni, mhudumu wa wodi, mwenyeji wa pale pale, aliyenifundisha kila kitu isipokuwa kile kimoja nilichokuja kukihitaji.

Siku Muthoni alipokuwa mapumzikoni, akaletwa Wangechi, mzazi wa mara ya kwanza. Mumewe alikuwa Mweiga, akikamua ng'ombe kwenye shamba la watu. Uchungu ulimshika tangu asubuhi mpaka jioni, naye akaushika mkono wangu muda huo wote, karibu auvunje. Mtoto alipotoka, msichana mzima kabisa, nikafungua rejista nikamwuliza jina.

"Wewe ndio ulinishika mkono," akasema. "Andika yako."

"Kwani hamna jina la kwenu?"

"Iko. Lakini hiyo hapana."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi niliandika. Niliandika polepole, kwa wino mweusi, na lile lile nikaliandika kwenye kitambaa cha kumfunga mtoto mkononi. Usiku ule nililala nikitabasamu peke yangu.

Kesho yake Muthoni akaisoma rejista, akaegemea fagio lake.

"Ni nani aliandika hii?"

"Mimi."

"Ngai. Msichana ya kwanza anapewa jina ya mama ya bwana. Hiyo si mambo ya kuchagua. Yule mama mzee anarudi hapo kwa mtoto. Huyu ni Nyaguthii."

"Na huyo Nyaguthii mwenyewe yuko wapi?"

"Alikufa. Miaka nne sasa."

"Basi hatalalamika," nikasema, nikacheka. Naapa nilisema hivyo hivyo.

Mtoto hakunyonya. Siku ile hakunyonya, siku ya pili hakunyonya. Wangechi alikuwa na maziwa mpaka yanamlowesha gauni, lakini mtoto anageuza uso, anafumba mdomo. Sista Greta alimkamulia kwa kijiko, yakatoka pembeni. Siku ya tatu kilio chake kilikuwa chembamba, na ule mkono wenye jina langu umesinyaa hata kitambaa kinamvuka. Sista alisema gari likirudi mchana kutoka Mukurweini watampeleka hospitali kubwa mjini Nyeri, ila kwa sura yake nilijua hana hakika kama mtoto atafika. Niliingia stoo ya mablanketi nikalia. Nilikuwa nimempenda yule mtoto, na nilikuwa na hofu, na chini ya hofu nilikuwa na aibu.

Kama saa nne asubuhi nilitoka stoo kuimalizia sakafu ya baraza, maana kazi haingoji machozi. Ukungu ulikuwa umefunika hata ngazi. Nilipoinua kichwa nikaona bibi mmoja amesimama mbele yangu, mfupi, kiondo mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, mkono mmoja kiunoni. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza ile mashine pembeni ya baraza ni ya nini.

"Mizani, bibi. Ya kupimia uzito."

Akapanda bila kuomba ruhusa, na kiondo chake. Sindano haikutikisika. Nikagonga kioo kwa kidole. Haikutikisika.

"Samahani, imeharibika," nikamwambia.

"Imeharibika ama ni mimi," akasema, akashuka huku akicheka. Alikuwa na kicheko kirefu, cha mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mtoto ya Wangechi anaitwa nani?"

Nikamtajia jina langu. Hata wakati ule, nakiri, nililitaja kwa majivuno kidogo. Akacheka tena mpaka akashika nguzo.

"Na wewe umekufa?"

"Sijafa, bibi."

"Basi yako bado unaitumia. Yangu imekaa tu bure."

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Kwa kweli sikuogopa hata kidogo. Nilijiona kama mtoto aliyekamatwa amevaa viatu vya mama yake, anangoja tu kuambiwa avue. Bibi akaweka kiondo chini, akachota humo njahi, yale maharage meusi yenye mstari mweupe ambayo kule mzazi hupikiwa ili maziwa yatoke vizuri, akanijazia mfuko wa aproni.

"Mpikie. Na umwambie hivi. Ile njahi ya siku ya wageni, si yeye alichoma. Ni mimi niliongeza kuni, nikaenda kuongea kwa jirani. Halafu nikaambia watu ni yeye. Nilikuwa naona haya."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe? Yuko hapo ndani."

"Wewe ndio umekaa kwa nafasi yangu," akasema, bila ukali. "Wewe ndio utanitengenezea njia."

Akajitwika kiondo, akashuka ngazi. Nikasimama. Ukitaka kujua kitu gani hasa kilinishtua, ni sakafu. Ilikuwa bado na rangi mbichi, haijakauka, yenye alama za magoti yangu. Za miguu yake hazikuwepo. Nikapanda mizani: sindano ikaruka ikasimama pale pale penye uzito wangu na wa viazi vyote vya Giakanja.

Niliingia wodini, nikamwambia Wangechi ujumbe neno kwa neno, Muthoni akiwa kando. Sikuwa nimewahi kusikia habari ya njahi yoyote. Wangechi akakaa kitako.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nimetoa kuni. Nilitoa na mkono yangu, nikaacha makaa tu. Na yeye akanitangaza mpaka sokoni, ati bibi-arusi ya kuchoma njahi. Tulikaa hatuongei mpaka akakufa." Akawa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi sikujua nimshike wapi. "Hata kuja amekuja na njahi. Huyo ni yeye. Haya, basi. Njoo, Nyaguthii."

Sasa hapa usinikatize. Mtoto, ambaye tangu azaliwe alikuwa akimgeuzia mama yake kisogo, aligeuza uso. Akafungua mdomo. Akashika. Alinyonya kwa kelele mpaka mzazi wa kitanda cha pili akaacha kula kutazama. Mimi nilikaa sakafuni, na rangi nyekundu ikaharibu gauni langu, na sikujali.

Kisha nikachukua rejista. Sista Greta akaingia akanikuta na kalamu mkononi.

"Hatufuti," akanikumbusha kwa Kiswahili chake cha kunyooka.

"Sista, hili jina nililiandika mimi, na lina mwenyewe mwingine."

Nikapiga mstari mmoja juu ya jina langu, nikaandika *Nyaguthii*. Sista akamtazama mtoto, akanitazama mimi na gauni langu, kisha akachukua kalamu akatia sahihi kando ya mstari. Na kalamu ikiwa bado mkononi mwake, kutoka nje, ndani ya ukungu, tukasikia vigelegele. Kimoja, cha pili, cha tatu. Kule msichana hupigiwa vitatu. Wanawake wote wodini wakaitikia, wakidhani ni jamaa za mtu fulani, na Sista Greta akatoka hadi ngazini kuwakaribisha chai. Hakukuta mtu.

Jioni, tukichambua zile njahi, Muthoni akaniuliza, "Huyo mama mzee alikuongelesha na lugha gani? Kiswahili hakujua hata ya kuuliza bei." Nami Kigikuyu changu wakati ule kilikuwa salamu tatu na neno la viazi. Mpaka leo sijui tuliongea lugha gani. Najua tu tulielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na watu wengi walio hai.

Wangechi alipikiwa njahi zile akazimaliza, ila konzi moja niliyoificha. Nilirudi nazo Muheza, nikazipanda kwenye ua, zikatambaa. Zinazaa mpaka leo, na majirani wanakuja kuomba.

Miaka ikapita. Mpaka wa nchi zetu mbili ulipofungwa tukakosa hata barua, na ulipofunguliwa tena, nani akashuka kwenye basi mlangoni kwangu? Nyaguthii, msichana mkubwa, mfupi, mkono kiunoni, ameleta salamu za mama yake. Alikaa wiki moja. Siku ya tatu binti yangu Rehema alibandika njahi, akapunguza moto, akaenda kisimani. Mimi nilikuwa nashona. Nikanusa moshi. Kufika jikoni, kuni tatu nene chini ya sufuria, njahi zimekuwa makaa, na sauti ya Nyaguthii inasikika kwa jirani, anasimulia habari za baridi ya kwao, watu wanacheka. Nikamwita.

"Ni Rehema alichoma," akasema pale pale mlangoni, kabla sijauliza chochote. Kisha akaniangalia usoni, akashikwa na kicheko kirefu mpaka akashika nguzo.

Kisa cha njahi hakuwa amekisikia. Mama yake aliniapia hivyo kwa barua, kwamba aliona si vizuri kumsema mkwe kwa mtoto aliyebeba jina lake. Nikainamisha macho sakafuni. Nyayo zake zilikuwepo, za majivu, kubwa, kutoka jikoni hadi mlangoni, na sijawahi kufurahia uchafu nyumbani kwangu kama siku ile.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayekwenda kujitolea kwa watu. Wapikie, washike mikono, lakini ukipewa kalamu uandike jina la mtoto wao, uliza kwanza nani analingoja. Na mwenye jina akisharudi, mpende, mlishe, ila usimwamini na moto. Sufuria ile nilimpa Nyaguthii pamoja na mchanga na maganda ya nazi, nikasimama juu yake mpaka alipoisugua ikang'aa. Rehema hakuigusa.