Dakika Tano za Mwalimu

Mimi si mtu wa kupewa cheo. Ndugu zangu wanalijua hilo tangu zamani. Nilipofanywa kiranja wa darasa niliandika majina ya wapiga kelele mpaka karatasi ikajaa, na la mwalimu mwenyewe nikaliandika. Kwa hiyo kosa la kwanza siku ile halikuwa langu. Lilikuwa la mwenyekiti wetu, Mkenya mmoja mpole anayeuza vipuri vya kompyuta mjini, aliyenikabidhi kengele.

Ilikuwa kengele ya baiskeli, imefungwa kwenye kipande cha ubao ili isimame mezani. Ukiigusa tu inalia kring! na sauti yake inafika hadi uwanjani.

Kila mwaka, Jumamosi moja, tunakutana sisi wapenzi wa programu huria wa Kampala. Programu huria ni ile ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure, kuifungua aone ilivyoundwa, na kuirekebisha akiweza. Mkutano wetu nao ni hivyohivyo. Hakuna anayelipwa. Ukumbi tunaazimwa na shule moja ya Kibuli, viti tunapanga wenyewe, na anayejua kupika pilau anapika pilau. Mimi nina duka la fotokopi Old Kampala. Niliingia humu baada ya mteja mmoja kunisafishia kompyuta zangu mbili zilizokuwa zinaugua virusi kila wiki, akakataa malipo, akaniambia njoo Jumamosi. Nilikwenda, nikapewa ufagio, na sijatoka hadi leo.

Kinachopendwa zaidi ni hotuba za dakika tano. Mwenye jambo anapanda, anasema, kengele ikilia anashuka. Awe profesa, awe mtu aliyeshika kompyuta jana, zake ni tano. Asubuhi ile nilianza na mwenyekiti mwenyewe. Alikuwa bado anatukaribisha nikamkata. Kring! Watu wakacheka, na mimi nikaona utamu. Nikamkata Mkongo mmoja katikati ya mchoro wake. Kisha akapanda mheshimiwa fulani kutoka wizarani, suti ya kijivu, tai nyekundu, akafika kwenye "na kwa hiyo, mabibi na mabwana," nami nikampigia. Kring! Ukumbi ulilipuka. Mheshimiwa alicheka pia, lakini alikwenda kukaa safu ya mbele, akapandisha mguu juu ya mguu, na tangu hapo akawa anatazama saa yake kwa kila msemaji. Alikuwa ananisubiri nipendelee mtu. Nikamwambia moyoni utasubiri sana, ndugu yangu. Nilikuwa nimelewa kengele.

Baada ya chai nikamwona Mwalimu mlangoni, na mkono wangu wenyewe ukaificha kengele nyuma ya mgongo.

Huyu ndiye aliyenifundisha herufi madrasa, mimi na nusu ya watoto wa Old Kampala. Asubuhi alikuwa akisomesha hesabu sekondari, alasiri anatusomesha sisi, na hakuwahi kutupiga hata siku moja. Alikuwa akitutazama tu, na ungeomba fimbo badala yake. Sasa alikuwa anatembea kwa kupapasa ukuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa kwenu mtu hupewa nafasi aseme."

"Ndiyo, Mwalimu. Ila ni dakika tano tu."

"Zinatosha. Nina jambo moja."

Akanieleza palepale mlangoni. Baada ya kustaafu alijifunza kuandika programu, akatengeneza moja ya simu, ya kuwafundisha watoto herufi za Kiarabu: mtoto anasikia sauti, anagusa herufi, akipatia linachanua ua. Aliitoa bure. Inatumika madrasa za hapa, za Mombasa, za Goma. Lakini simu mpya zimeanza kuikataa, inataka kurekebishwa, na daktari wa macho kule hospitali ya Mulago amemwambia asitegemee kuona tena vizuri. Kuinakili anaweza yeyote, ila ile ambayo simu za watu zinaichota iko chini ya mkono wake na neno lake la siri. Alikuwa anatafuta mtu wa kumkabidhi. Mwaka mmoja hivi, alisema, halafu haitafunguka kwenye simu yoyote.

"Nitaomba tu mbele ya watu," akasema. "Asiyeomba hapewi."

Mwandikishaji wetu, binti wa Kiganda ambaye siku za kazi huandika programu za simu, alimuuliza amwandikie jina gani kwenye karatasi ya kifuani. "Andika Mwalimu," akasema. Akapanda jukwaani, nami nikaanzisha saa.

Dakika ya kwanza alimhimidi Mungu na kumsalia Mtume, taratibu, bila kuruka kitu. Hapo sikuwa na neno. Dakika ya pili alisalimu. Alimsalimu mheshimiwa, akamsalimu mwenyekiti, akaishukuru shule kwa ukumbi, akawasalimu waliotoka Kenya na waliotoka Kongo. Akawasalimu akina mama waliokuwa wakipika nje, tena akageukia dirisha ili wasikie, nao wakajibu kwa vigelegele, na vigelegele vile vikala sekunde kumi na mbili, nilizihesabu. Akawasalimu walio njiani. Akawasalimu waliotamani kuja wakashindwa.

Dakika ya tatu aliomba radhi kwa kusimama mbele ya watu waliosoma kumzidi, na akafafanua walivyomzidi.

Dakika ya nne akaanza habari za kalamu. Kalamu ya mwanzi. Jinsi unavyoichagua, jinsi unavyoichonga, upande gani wa kisu. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti, ninasema moyoni, Mwalimu, ruka. Achana na mwanzi. Akaachana na mwanzi, akaingia kwenye wino. Wino wa masizi! Masizi ya taa gani yanafaa! Mwenyekiti alinitazama, mimi nikamtazama mheshimiwa, na mheshimiwa akainua mkono wake pole pole, akagonga kioo cha saa kwa kidole.

"Na sasa, wanangu," Mwalimu akasema, "jambo lililonileta..."

Kring!

Nilipiga mimi, kwa kidole hiki. Akanyamaza palepale, neno likiwa bado mdomoni. "Haki yenu," akasema. Akashuka akitafuta ngazi kwa mguu. Watu wakampigia makofi ya heshima, kama anavyopigiwa mzee aliyesalimu vizuri, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba alikuja kuomba kitu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kati ya watu wote wa Kampala, nimekwenda kumpigia yeye!

Aliyefuata kwenye orodha alikuwa mwenyekiti, na hotuba yake ya pili ya siku. Nikamkimbilia.

"Nipe dakika zako."

"Chukua, dada yangu. Lakini kengele atashika nani?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikaenda safu ya mbele, nikaiweka kengele juu ya goti la suti ya kijivu. "Mheshimiwa, tafadhali. Tano tu. Usinionee huruma." Uso wake ulichanua kama uso wa bwana harusi. Akaipokea kwa mikono miwili.

Nikapanda. Sikumsalimu mtu. Nikasema yote kwa pumzi moja: kuna programu, inafundisha watoto, imejengwa na mzee huyu peke yake, macho yanamwishia, programu inakufa, nani anaichukua?

Vichwa sitini vikainama kwenye kompyuta, kila mtu ghafla ana kazi ya haraka. Ninawajua hawa watu, mimi mwenyewe ni mmoja wao: kuanzisha kitu tunapenda, hata viwili kwa wiki. Cha mwenzako cha zamani, chenye kero zake, kila mtu anapita pembeni. Hasira ikanipanda.

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea!" nikawaambia. "Na ninyi mnazaa tu kila siku! Vya kwenu vyenyewe vimelala mitandaoni havina mama wala baba! Wewe hapo, usijifiche nyuma ya skrini, ninakuona!"

Nyuma kabisa, kwenye meza ya kuandikisha, binti wa Kiganda akasimama.

"Nnyabo, bibi wewe, wacha kutugombeza. Mimi nachukua hiyo kitu." Kisha akamgeukia Mwalimu, akapiga magoti kidogo kama wafanyavyo kwao. "Lakini ssebo, mzee wangu, mimi ni Mukatoliki. Hizo helufi zenu sijui hata moja."

Mwalimu alicheka, na sijamsikia akicheka hivyo maisha yangu yote. "Vizuri sana, binti yangu. Programu yenyewe ni ya wasiojua. Shida yangu ilikuwa kwamba mimi ninazijua mno."

Kring! Mheshimiwa alipiga kwa nguvu hadi kengele ikadondoka. Nikashuka ninacheka na kulia, watu wanapiga meza, akina mama wa pilau wamejaa madirishani wakiuliza nani anaolewa.

Mwenyekiti alisema mambo ya kesho tunayajua, makabidhiano yafanyike sasa hivi. Akaunganisha kompyuta na projekta, ukurasa wa programu ukaonekana ukutani kila mtu auone, pamoja na kisanduku cha neno la siri. Binti akakaa mbele ya kicharazio.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "sogea umnong'oneze."

Lakini mtu aliyesomesha nusu karne hajui kunong'ona herufi. Mwalimu alisimama palepale alipokuwa, mikono nyuma, akainua kidevu, akaitaja ya kwanza, herufi ya Kizungu, lakini kwa sauti ile ile ya alasiri za madrasa. Binti akabonyeza, kidoti kikatokea ukutani. Akaitaja ya pili. Ya tatu ilipotoka, safu nzima ya watu wazima, wenye ndevu zao na biashara zao, wakaijibu kwa pamoja bila kufikiri. Na mimi nimo! Mdomo ulijifungua wenyewe. Ya nne wakaijibu Wakenya. Ya tano ukumbi mzima, mheshimiwa na tai yake, na madirisha pia. Mwenyekiti alikuwa anarukaruka huku anapunga mikono, "Jamani, ni siri! Pasiwadi ni siri!" na kadiri alivyopiga kelele ndivyo tulivyozidi kucheka na kuitikia.

Zikaisha. Halafu Mwalimu akafanya kama alivyokuwa akifanya darasani kila baada ya kutaja herufi. Akaziunganisha, akalisema neno zima. Nasi tukalirudisha, watu sitini kwa sauti moja.

Lilikuwa jina la mwanamke.

Kicheko kilikatika. Sisi tuliosoma kwake tukatazamana. Mkewe tulimjua. Baada ya masomo alikuwa akisimama mlango wa nyuma na sinia la vitumbua, mtoto kimoja, aliyelia siku hiyo viwili. Tulimwita Mama Mwalimu. Mumewe, kama wanaume wa rika lake, alikuwa akimwita "watu wa nyumbani," na hata tulipomzika tulimwombea marehemu mama yetu. Nilikula vitumbua vyake miaka sita na sikuwahi kumjua jina. Nimelijua Jumamosi ile, pamoja na watu wa Kakamega na wa Goma. Hapa silitaji, mwenyewe alilitaja siku yake.

"Imefunguka, mzee," binti akasema taratibu.

Mwenyekiti alimsogelea. "Mwalimu, samahani sana. Neno hili sasa kila mtu analijua. Itabidi tulibadilishe leo hii."

"Badilisheni," Mwalimu akasema. Macho yake yalikuwa upande wa ukuta, lakini sidhani kama aliuona. "Tangu aondoke nilikuwa nikilisema mimi peke yangu. Sasa mwenye kumwombea anajua anamwombea nani."

Nililia waziwazi na sikujificha. Binti wa Kiganda akafanya ishara ya msalaba, akainamisha kichwa, akalitamka jina lile tena, pole pole, ili asilikosee.