Kurasa Kumi na Moja za Mwalimu Eliudi

Mwalimu Eliudi alipiga kinanda cha usharika wetu wa Nguvumali miaka ishirini na tisa, na mwaka 1998 nusura nimwondoe mimi, mimi niliyekuwa nikimwandikia nota. Nalisema mapema, msije mkadai mimi Dorkasi najisafisha.

Nota nilianza kuziandika mwaka 1983. Jamani, tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, karatasi za kwaya angetupa nani? Nilichukua fomu chakavu za shamba la mkonge, nikazigeuza nyuma, nikabana safu kumi na sita za mistari mitano kwenye ukurasa mmoja. Wimbo mzima karatasi moja! Nikasifiwa mpaka kichwa kikavimba.

Halafu maduka yakajaa, na usharika ukapewa kompyuta kuukuu yenye programu ya kuandikia nota. Nikajifunza. Mara ya kwanza ilinichorea safu zenye kimo cha milimita saba. Lo! Ufujaji gani huu? Nikazipunguza hadi nne, wimbo ukaenea kwenye karatasi moja, nikaridhika.

Tangu hapo Mwalimu akaanza kukosea. Nyimbo za zamani alizipiga bila hata kutazama, lakini huu mpya wa Pasaka ulimshinda kila mara mahali pale pale, sehemu ya tatu. Edgar, mwenyekiti wa kwaya, akasema mzee amechoka. Akishindwa tena kwenye mazoezi ya Jumamosi, Pasaka ataletwa mpigaji kutoka Muheza, na yeye akapumzike moja kwa moja. Na mimi badala ya kumtetea nikaja juu.

"Mwalimu, wewe hufanyi mazoezi!"

"Nafanya, mwanangu," akasema, basi.

Ijumaa nikaenda kanisani kukifuta kinanda vumbi. Ndani ya kitabu chake cha nyimbo nikakuta jani la kalenda ya zamani. Nyuma yake mtu alichora safu chache kwa wino mzito, nota kubwa kama maharage. Ulikuwa ule ule wimbo wa Pasaka niliomwandikia, Mwalimu kaunakili mwenyewe kwa mkono. Ulifika mwisho wa sehemu ya pili, karatasi ikamwishia.

Nilikaa kwenye kigoda chake nikalia. Macho yake ndiyo yaliyochoka, na aliona haya kusema. Na mimi, karatasi zimejaa madukani, bado nabana kama tuko kwenye foleni!

Nikakimbilia kwenye kompyuta. Nakala za waimbaji nikaziacha zilivyo, ya kwake peke yake nikaikuza hadi milimita kumi. Zikatoka kurasa kumi na moja. Jumamosi niliacha nafasi yangu ya alto nikakaa ubavuni pake.

"Nakufunulia kurasa tu, Mwalimu," nikamwambia. Mbele za watu sikutaka kusema zaidi.

Akatazama ukurasa wa kwanza, akanitazama mimi, akaanza.

Ilipofika sehemu ya tatu, nikafunua ukurasa kabla hajaniashiria. Yeye akapita, akaenda mpaka mwisho. Nilishusha pumzi kwa nguvu hata wenzangu wa alto wakageuka.

"Haya, Mwalimu," Edgar akasema, huku anafunga daftari lake, "tuonane Pasaka."

Mwalimu akazikusanya zile kurasa, akazishika kwa mikono miwili.

"Dorkasi, karatasi zote hizi umezitoa wapi?"

"Dukani, Mwalimu. Siku hizi zipo tele."

"Alaa," akasema. "Basi niandikie na ule wa Pentekoste."