Magunia ya Harufu Kutoka Solai

Bwana mwenye boma la wanyama pale Naivasha alikuwa amekwisha sema: mvua ikiisha kabla Sultani hajampanda Chausiku, Sultani atauzwa Ulaya. Sultani ni kifaru dume, na Chausiku ni jike tuliyemfuga naye. Nilimlea kwa chupa mimi mwenyewe, na habari ile iliniuma sana. Lakini bwana harusi mwenyewe alikuwa akilala kutwa. Chausiku akipita mbele yake, hageuzi hata sikio.

Ndipo siku moja ikaja lori ya nyasi kutoka Solai, na katikati ya nyasi mlikuwa na bonge la mavi ya kifaru wa porini. Sultani alilinusa, akakoroma, akalipiga lango kwa pembe. Papo hapo nikaomba ruhusa ya kwenda kuleta mengine.

"Wewe nataka nenda Solai, leta mavi?" Bwana akacheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni. "Haya, nenda!"

Asubuhi nikapanda gari la moshi, daraja la tatu, magunia matupu kwapani. Tulipita Gilgil kwenye baridi, kisha ziwa la Elmenteita likatokea, kingo zake nyeupe kwa magadi.

Nakuru nilifikia kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, kwa shemeji yangu Wafula.

"Shemeji, wenzako wanakuja Nakuru kutafuta kazi. Wewe umekuja kutafuta mavi?" akasema. Dada yangu akaniongezea ugali kwa huruma.

Kesho yake lori ya maziwa ilinifikisha Solai kwa mwenyeji wangu Kiprono, mchungaji wa ng'ombe. Alinipeleka penye vichaka ambapo vifaru hunya mahali pamoja, kila mmoja akiyatawanya mavi yake kwa miguu ili wengine wajue nani kapita. Tulikuwa tumejaza magunia niliposikia matawi yakivunjika.

"Mwenyewe amekuja! Panda mti!" Kiprono akasema.

Tukaparamia mgunga, miiba na yote. Kifaru alinusa tulipochota, akafoka, akaenda zake.

"Amejua ameibiwa," Kiprono akasema akijichomoa miiba.

Wakati wa kurudi nilipata lori ya mahindi. Kwenye kizuizi cha Gilgil, askari alitia mkono guniani kabla sijafungua mdomo.

"Nini hii?"

"Mavi ya kifaru, afande."

"Pita! Pita upesi!"

Naivasha sasa. Desturi yetu ilikuwa kusugua boma kila asubuhi kwa maji na dawa, tukijisifia usafi. Nikamwambia Odhiambo, mwenzangu wa kazi, "Leo usioshe."

"Bwana akiuliza?"

"Sema ni mimi."

Nikamwaga magunia kando ya uzio. Sultani akanusa kwa muda mrefu, kisha akaanza kuyarusha mavi kwa miguu ya nyuma, akaongeza yake juu, akanyunyizia mkojo kila nguzo. Alidhani ana mpinzani nyumbani kwake! Chausiku naye akasogea, akanusa, akalia kwa sauti yake nyembamba. Kabla mvua haijakatika Sultani alimpanda, mchana kweupe, nasi tukishangilia uzioni kama harusini. Habari ya Ulaya ikafa siku hiyo hiyo.

Tulimwita mvivu, kumbe kila asubuhi tulikuwa tukimfutia habari za wenzake. Hilo ndilo nililojifunza, na tangu hapo dawa tuliiacha kwa vyoo vyetu.

Mwaka uliofuata Chausiku akazaa. Ndama alisimama akitetemeka, akatafuta ziwa la mama yake, akalipata. Nilipiga kelele, nikacheka, nikalia mbele ya Bwana mwenyewe, wala sikuona haya.