Soja Aliyeupa Mchezo wa Jasusi Mbili kwa Kumi

Nicodemus wa Asembo Bay alikuwa soja, mlinzi wa mchana. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama kwenye geti la stoo ya barafu ya Bwana Wakoli pale Nyamasaria, ambapo mbuta waliotoka ziwani walilazwa kabla ya kusafirishwa Nairobi. Koti lake la kijani alilifunga mpaka kidevuni, jua liwake lisiwake. Na hakupita mtu pale, hakupita mkokoteni, bila kusalimiwa kwanza. Si salamu ya juu juu, hapana! Mjaluo alisalimiwa Kijaluo, Mkikuyu Kikikuyu, Mluhya Kiluhya, kisha akaulizwa habari za nyumbani, za watoto na za mvua, huku macho ya Nicodemus yakipekua mzigo taratibu. Madereva walilalamika kwamba geti lile linachelewesha watu kuliko barabara yote ya kwenda Kericho. Wacha walalamike. Katika miaka hiyo yote hakupotea samaki hata mmoja, na hiyo ndiyo ilikuwa shahada yake, kwa maana ile ya shule iliishia darasa la saba.

Katikati ya mwaka wa tisini na tisa, mfanyabiashara mmoja kutoka Murang'a, jina lake Ndung'u, akafungua chumba cha michezo ya video mkabala na geti hilo. Televisheni mbili, mabenchi manne, pazia mlangoni. Mwanzoni ilikuwa mpira tu. Halafu akaleta sidi mpya: jasusi mwenye nguo nyeusi anaingia kambi ya adui, anatembea kwa ncha za vidole, anakumbatia kuta, anawapita walinzi wasimwone. Jina la mchezo lilikuwa refu na la Kiingereza. Nyamasaria wakauita Jasusi, basi, kazi kwisha. Ndung'u naye hakuzaliwa jana. Alikata ukurasa wa gazeti moja la ng'ambo la michezo, akaubandika mlangoni, watu wajionee wenyewe kwamba wakosoaji wa huko wameupa tisa na nusu kwa kumi.

Nicodemus aliusoma ukurasa ule saa ya chakula, kidole kikifuata mstari. Picha zilisifiwa, akapita. Muziki ulisifiwa, akapita. Akafika mahali palipoandikwa kwamba walinzi wa mchezo huu wana akili ya kutisha, kama walinzi wa kweli kabisa. Kidole kikasimama hapo hapo.

"Ndung'u," akasema, "hebu nionyeshe hawa wenzangu."

Akapewa benchi la mbele. Jasusi akagonga ukuta, ko ko ko. Mlinzi akaacha geti lake, akaenda kuchungulia, asione kitu, akasema neno, akarudi. Jasusi alikuwa ameshapita zamani.

"Amesema nini huyo?" Nicodemus akauliza.

"Amesema labda ni upepo tu."

"Upepo? Upepo unapiga hodi mara tatu?"

Mlinzi wa pili akaona nyayo kwenye theluji, akazifuata hatua tano, akachoka. Wa tatu akamkuta mwenzake amelala chali sakafuni. Akazungukazunguka kidogo, kisha akamruka na kuendelea na doria. Hapo Nicodemus alishindwa kukaa.

"Yawa! Mwenzako yuko chini, wewe unamruka kama gogo? Hata maji hujamtafutia? Hata hujauliza watu wake wako wapi?"

Chumba kizima kilikuwa kinashika mbavu. Nicodemus akawageukia, mikono nyuma, kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani.

"Nimeona. Picha ni safi, na muziki ni mzuri. Lakini aliyeandika ile karatasi hajawahi kulinda hata kuku. Hawa si walinzi, ni makoti yametundikwa. Mimi nawapa mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za viatu, maana viatu wamevaa vizuri."

Ndung'u alichukua kalamu nono na kipande cha katoni, akaandika: SOJA WA KWELI ANASEMA MBILI KWA KUMI. Akakibandika kando ya ule ukurasa wa ng'ambo. Aki, Ndung'u! Kuanzia siku hiyo mabenchi hayakutosha. Watu walitoka hata Kondele kuja kuamua nani mkweli, wazungu au Nicodemus. Kinyozi akawa upande wa wazungu, fundi wa baiskeli upande wa Nicodemus, na wawili hao wakanuniana wiki nzima. Kila saa ya chakula soja aliitwa avuke barabara aje atoe hukumu. Kichwa kilimvimba kidogo, tusidanganyane.

Lakini ukisemwa sana utasikika. Maneno yakamfikia Bwana Wakoli mwenyewe, mtu wa Port Victoria, mnene, mwenye masharubu, mwepesi wa kutilia watu shaka. Asubuhi moja alisimamisha gari getini na kushusha kioo.

"Nicodemus, nasikia siku hizi wewe ni mkosoaji. Kuna kampuni ya ulinzi ya Nairobi wameniandikia, wana mbwa na redio. Wanasema hawa masoja wa kizamani mtu anawapita tu, kama kwa hiyo gemu. Wiki ijayo nitaamua."

Kioo kikapanda. Nicodemus alibaki ameshika geti, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hakukumbuka kulifunga haraka. Aliogopa. Umri wake ulikuwa hamsini na mbili, na geti lingine la kumpokea hakulijua. Nyumbani alimega ugali bila kumeza. Mkewe Beldina, aliyeuza omena sokoni na kumsoma mume kama alivyosoma mizani, akamtazama.

"Baba, una nini leo?"

"Ni upepo tu," akajibu, akajichukia papo hapo.

Alhamisi yake, jua la saa tano, Waliaula wa mkokoteni alifika na masanduku matatu matupu ya mbao yaliyofunikwa magunia, yanakwenda kujazwa barafu. Alikuwa anatokwa jasho na kuhema kuliko siku zote. Ajabu, masanduku matupu yanamhemesha mtu hivyo? Nicodemus alimfungulia geti, akamwinulia mkono na kumsalimu Kiluhya.

"Mulembe, Waliaula!"

Waliaula alikuwa bado anavuta pumzi, mdomo haujafunguka.

"Mulembe muno!" likajibu sanduku la katikati.

Msilicheke sanduku. Mtu aliyelelewa na mama mzuri kule Port Victoria anaweza kuzuia kikohozi, anaweza kuzuia hata chafya, lakini salamu ya kwao ikimfikia ghafla, ulimi humtangulia. Kumbe Bwana Wakoli alikuwa amepita kwa Ndung'u jioni mbili kimya kimya, akauonja mchezo, ukamkolea. Akaona ajaribu mwenyewe kumpita soja wake.

Nicodemus alikwenda moja kwa moja kwenye mkokoteni. Alisukuma komeo la sanduku, akaketi juu yake, akapuliza filimbi.

"Fungua! Ni mimi Wakoli!"

"Bwana Wakoli huingia na gari," akasema Nicodemus. "Na hanuki hivi."

"Nicodemus!"

"Jina langu hata wezi wanalijua. Habari za nyumbani?"

"Nini?"

"Nauliza habari za nyumbani."

"Nzuri! Fungua, bwana!"

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo! Wote hawajambo! Nicodemus, kuna magamba yananiingia puani!"

Chumba cha Ndung'u kilimwagika barabarani, michezo ikaachwa inajicheza yenyewe. "Labda ni upepo tu!" kinyozi akapiga kelele, na watu wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Waliaula alimsogelea soja akamnong'oneza kwamba, mzee wangu, ni yeye kweli, naapa. Nicodemus hakubanduka. Mbao zilikuwa na nafasi, hewa ilipita vizuri, na nusu saa ikapita pia. Mwishowe karani wa stoo, Mama Dorca, alitoka mbio na kuamuru sanduku lifunguliwe sasa hivi.

Bwana Wakoli akatoka. Shati lilikuwa limelowa, na masharubu yalimetameta magamba. Kicheko kikakatika. Alijipangusa uso taratibu, kisha akamtazama mlinzi wake.

"Wewe mzee. Miaka kumi na mmoja unasikia sauti yangu kila asubuhi. Kweli hukuijua?"

Uongo ulikuwa tayari, tena uongo mzuri: sheria ni sheria, bosi, sauti si kitambulisho. Kila mtu pale angempigia makofi. Nicodemus aliutafuta mdomoni asiuone.

"Niliijua, bosi. Tangu neno la kwanza."

"Sasa kwa nini ukanikalia nusu saa?"

Nicodemus akavua kofia. Akasema mbele ya watu wote wale waliokuwa wakimwita aje atoe hukumu.

"Niliogopa kufungua. Nilijua ukishatoka humo utanifuta kazi. Nikasema, acha nibaki soja kidogo tena."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi aliangalia chini. Bwana Wakoli alichomoa gamba moja kwenye sharubu, halafu jingine, mpaka Mama Dorca akaanza kukohoa kwa wasiwasi. Ndipo akageuka kutazama nyuma ya soja wake.

"Geti limekaa wazi muda huu wote," akasema. "Nenda ukasimame kazini kwako, mzee."