Java Sebuleni kwa Mama Mkwe

Chumba chetu cha kupanga Mfaranyaki hakikuwa na mtandao wa maana. Kwa hiyo nilipoamua kujifunza kuandika programu, niliibeba kompyuta hadi Mjimwema kwa mama mkwe. Mkwe anayejiheshimu hanyooshi miguu ukweni. Mimi niliinyoosha. Mtandao ulishika dirishani tu, kwenye meza ya sanamu ya Bikira Maria, basi nikamwomba radhi Bikira, nikamsogeza pembeni.

Mama mkwe, mkunga mstaafu, alikaa nyuma yangu akichambua maharage.

"Unashusha nini, baba?"

"Vifaa vya Java, mama, lugha ya kuandikia programu. Bila hivyo kompyuta haielewi ninachoiandikia."

Viliposhuka nikavisakinisha, nikibonyeza "Endelea" kila nilipoulizwa, bila kusoma chochote. Ikabaki kuielekeza kompyuta vilipo. Nikaandika anwani ya folda kwenye mipangilio, nikahifadhi, nikarudi kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri, nililokuwa nimelifungua tangu mwanzo, nikaandika amri ya kuiita Java. Ikajibu kwamba haitambui. Nikarudia. Haitambui.

"Inasemaje?"

"Haitambui, mama."

"Haikutambui wewe? Usiilaumu. Hata mimi ilinichukua muda."

Nilikuwa bado naitukana kimoyomoyo walipoingia akina mama wa jumuiya. Siku hiyo sala ilikuwa kwake, na mimi nilishasahau kwamba nyumba ina mwenyewe. Nikalifunga lile dirisha jeusi haraka, lakini kompyuta yenyewe sikuwahi kuiondoa. Mishumaa ilishawashwa kulia na kushoto kwake. Wakasali rozari nzima wakiielekea. Katikati ya Salamu Maria ikalia ting! Mama mmoja aliyekuwa anasinzia akaitikia, "Amina."

Yakaja maombi. Mama mkwe akapaza sauti:

"Tumwombee mkwe wangu, kompyuta yake imtambue."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote, nyuso kavu kabisa. Mimi nikajifanya nakohoa.

Walipotoka uani kunywa togwa, nikafungua dirisha jeusi upya, nikaandika amri ileile. Ikakubali! Nikaandika programu yangu ya kwanza, mistari michache tu, na kwenye kioo yakatokea maneno: Habari, Mama.

Nikamwita. Aliyasoma kwa sauti, akapiga vigelegele, na jumuiya yote ikarudi ndani na vikombe mkononi. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini nilirukaruka kama mtoto.

Baadaye nilikuja kuelewa: dirisha lililofunguliwa kabla ya kubadili mipangilio haliyaoni mabadiliko mpaka ulifunge na kulifungua tena. Sikumwambia. Ningeanzia wapi, na ushuhuda ameshautoa kanisani Jumapili iliyofuata? Jumapili hiyohiyo, baada ya misa, mwenyekiti wa jumuiya alinifuata na redio yake iliyogoma kuwaka. Nikaipokea kwa mikono miwili, uso mzito kama padri.